Blenda ya nyumbani: angalia jagi na raba kabla hujaangalia wati

Kila Shaabani ikiingia simu yangu haipoi, huyu wa Shela, yule wa Barani, mwengine apiga kutoka Lamu ataka nimuangalizie hapa Malindi kisha niipakie kwa basi, na swali ni lile lile, blenda gani nzuri? Mimi siji na jina la kampuni. Nauliza kwanza, nyumbani kwenu mwasaga nini? Manake blenda ya mtu anayetaka juisi ya embe ya watoto na blenda ya mama anayepika vitumbua vya kuuza kila alfajiri ni vitu viwili mbalimbali, hata kama zimekaa rafu moja dukani na zafanana mpaka rangi.

Tuanze na wa juisi tu. Embe, papai, parachichi, tikiti, ndizi na maziwa, zote hizo ni laini, blenda ya wati 300 mpaka 400 yazimaliza bila kulia, usidanganywe ukaongeza pesa. Kinachosumbua kwa juisi si nguvu, ni mbegu. Pashoni na mabungo ukiiachia mashine ikimbie, mbegu zavunjika, juisi yapata uchungu na chengachenga ambazo hata chujio haizishiki, kwa hivyo hapa wataka ile swichi ya kubonya na kuachia, nyingi huandikwa herufi P. Wabonya mara tatu nne hivi, nyama yaachana na mbegu, wachuja, basi. Stafeli toa mbegu zote kwa mkono kabla hujaitia, hiyo haina mjadala. Na ukwaju loweka, fikicha, chuja, kisha ndio ukitaka uutie kwa blenda na sukari, lakini na kokwa zake usijaribu, wamaliza visu bure.

Ukiongeza barafu kwa hiyo juisi hesabu yabadilika. Hapo tafuta wati 500 kwenda juu na visu vinene kidogo, alafu barafu iwe vipande vidogo na kuwe na maji ama juisi ndani. Lile pande la kugandisha kwa bakuli lipige kwanza kwa mchi ndani ya kitambaa, usilitie zima ukasubiri muujiza.

Sasa wa mchele na nazi, na hawa ndio wengi kwetu. Mkate wa kumimina, vitumbua, bhajia za kunde, hizi ndizo zinazoua blenda, si juisi. Mchele uliolowekwa usiku kucha bado ni mgumu kuliko embe, na unga wake ukianza kuwa mzito pale chini visu vyazunguka ndani ya shimo la hewa, juu kumetulia tuli, wewe wasikia mota inavuma waona kazi yaendelea kumbe hakuna kinachosagika, mota yapata moto tu. Kwa hivyo ukiwa wa kundi hili angalia mambo mawili kabla ya yote. La kwanza umbo la jagi ndani: lile lililobana chini na lenye mbavu mbili tatu ubavuni ni bora kuliko lile pana lililo duara laini, manake zile mbavu ndizo zinazousukuma mchele urudi katikati kwenye visu. La pili nguvu ya kweli, yaani wati 600 ama zaidi zilizoandikwa kwa kibandiko cha chini ya mashine, nitakueleza hapo mbele kwa nini nasema chini ya mashine.

Na ujue kusaga pia. Tia tui kwanza kisha mchele, usijaze zaidi ya nusu ya jagi, saga dakika moja, zima, koroga kwa mwiko plagi ikiwa nje ya soketi, endelea. Chota kidogo usugue kwa vidole viwili, ukisikia bado kuna mchanga mchanga rudia, usikimbilie kuongeza maji manake mkate wa kumimina ukiwa majimaji hauinuki vizuri na mgeni ataona kabla hajaonja. Kunde za bhajia ni hivyo hivyo, ila hizo hazitaki kuwa laini sana, wabonya na kuachia, na maji ni tone tone. Mtu anayefanya kilo tatu nne za mchele kila siku kwa biashara mimi namwambia wazi aachane na blenda ya kawaida, anunue zile grainda za Kihindi zenye majagi matatu ya chuma, wati 500 mpaka 750. Zapiga kelele hizo mpaka jirani ajua waamka saa ngapi, lakini zimetengenezwa kwa watu wanaosaga mchele na dengu za kulowekwa kila siku kama sisi, na umeme wa India ni volti 230 kwa hivyo kwa stima yetu zakubali bila kifaa chochote cha kubadilisha volti, ila plagi ikiwa ile ya Kihindi ya miguu ya duara itabidi uibadilishe.

Nazi ya kutoa tui wala haitaki mashine kubwa hivyo, yataka tu uikate vipande vidogo, maji ya uvuguvugu, mchemko hapana, usage dakika moja kisha ukamue kwa kitambaa ama kifumbu. Wazee watakwambia tui la nazi iliyokunwa kwa mbuzi ni tamu zaidi na mimi kwa samaki wa kupaka nakubaliana nao, lakini siku ya mbaazi za nazi za watu ishirini hakuna anayeuliza.

Bizari nzima, iliki, mdalasini, pilipili manga, kahawa: hizo ni kavu, na jagi kubwa haliziwezi, zitarushwa ubavuni zikae huko. Hii mashine yenyewe asili yake ni vinywaji, mwaka wa 1922 Stephen Poplawski kule Marekani aliweka visu chini ya chombo ili achanganye vinywaji vya maziwa, kwa hivyo bila kitu cha majimaji cha kuvuta vitu chini haina raha. Kwa vikavu wataka kile kikombe kidogo cha kusagia kinachokuja pembeni. Blenda nyingi za hapa zaja nacho kimoja ama viwili. Ukiwa wanunua hakikisha kipo ndani ya boksi, kitoe ukione, na ukitumie sekunde ishirini thelathini kwa mpigo, bizari ikipata moto ndani harufu yake yote yaishia hewani. Mdalasini uvunje vunje kwanza.

Haya, wati. Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa mchana kweupe. Utakuta boksi limeandikwa wati 4500, limechorwa na barafu inaruka, na kijana wa duka akwambia "mama hii hata mawe yasaga". Muulize kwa upole, mwanangu, hiyo soketi yako ukutani ni ya ampea ngapi? Soketi zetu za Kenya ni za ampea 13, na stima yetu ni volti 240. Zidisha 13 kwa 240 wapata 3120. Yaani plagi ya kawaida haiwezi kutoa zaidi ya wati 3120 kabla fyuzi haijakatika, sasa hizo 4500 zatoka wapi, kwa majini? Pasi ya umeme na birika ambazo zachemka moto mbele ya macho yako huwa wati elfu moja mpaka elfu mbili na kitu, blenda nyingi za jikoni hazifiki huko, ila zile kubwa na za mahoteli. Hizo namba za boksi mara nyingine ni nguvu ya sekunde moja mota ikikaribia kukwama, na mara nyingine ni wino tu. Ndio nikasema geuza mashine, soma kibandiko cha chini, kile chenye volti, hezi na wati kwa herufi ndogo. Kikikosa kabisa rudisha rafuni. Angalia na nembo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Kuna wanaoogopa wati nyingi kwa sababu ya tokeni. Usiogope. Blenda ya wati 500 ukiitumia dakika mbili kila siku mwezi mzima ni saa moja tu ya kazi, ni nusu yuniti. Pasi yako yala zaidi siku moja ya kupiga kanzu za Ijumaa.

Na zile za kuletewa na ndugu kutoka Arabuni. Dubai na Oman umeme wao ni kama wetu na plagi ni hii hii ya miguu mitatu bapa, tumia bila wasiwasi. Saudia soma kibandiko kwanza, kwa miaka mingi kule kulikuwa na nyumba za volti 127, kwa hivyo mashine ya zamani yaweza kuwa ya volti hizo. Ya Marekani ni volti 120, ukiichomeka hapa utasikia inakimbia kama pikipiki kisha moshi, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Ikiandikwa 220-240 uko salama, na hezi 50 ama 60 kwa mota za blenda si jambo la kukunyima usingizi.

Jagi. La kioo ama la plastiki? Kioo hakinywi harufu, leo wasaga thaumu na tangawizi kesho juisi ya embe na hakuna anayekunja uso, manjano pia haikiachi na rangi. Ubaya wake ni uzito, na ukilitoa kwa friji ukalimwagia maji ya moto lapasuka paa. Plastiki ni nyepesi, watoto wakiliangusha laamka, lakini lile la bei rahisi baada ya miezi ya nazi na barafu lajaa mikwaruzo likawa kama limepumuliwa, na manjano ikishaingia imeingia, ingawa ukilianika juani siku nzima rangi yafifia sana, jaribu utaona. Kama nyumba yasaga masala na juisi pia, mimi ningechukua kioo, ama ninunue jagi la pili la plastiki liwe la thaumu peke yake. Ile blenda ndogo ya kikombe, ya kuchaji kama simu, ni ya maziwa na ndizi laini za mtoto, isibebeshwe barafu wala mchele.

Sasa lile jambo ambalo watu hawaliangalii kabisa na mimi ndilo ninaloangalia kwanza. Toa jagi, tazama juu ya mota, utaona kigurudumu chenye meno, cha raba ama plastiki ngumu ama chuma, na chini ya jagi kuna mwenzake. Hapo ndipo nguvu inapopita. Kile cha raba chaisha meno, na watu wakiona mota yavuma visu havizunguki wasema blenda imekufa waitupa, kumbe kilichokufa ni kile kidude tu, na kiliwekwa laini makusudi ili visu vikikwama kife chenyewe mota ipone. Alafu fungua visu chini ya jagi, kuna duara la raba la kuzuia maji. Hiyo ikichoka ama ikipotea kwenye sinki, na hupotea, juisi yavuja moja kwa moja kwa mota.

Kwa hivyo swali la kumuuliza muuza duka si "ina spidi ngapi", muulize hivi: raba ya hii naipata? Kigurudumu chake? Jagi likivunjika wauza jagi peke yake? Akikwambia "hiyo mpaka tuagize" fikiria mara mbili. Ramtons, Von, Mika, hizi zauzwa kote Kenya kwa hivyo kupata jagi ama mtu wa kuzifungua ni rahisi kidogo, na hata zile zisizo na jina kubwa kuna ambazo mafundi wamejaza raba zake kwa makopo, pita kwa fundi wa redio na feni mtaani kwako kabla hujaenda dukani umuulize gani hazimkoseshi spea. Fundi hauzi blenda, hana sababu ya kukudanganya. Blenda nzuri ya spidi kumi isiyo na raba mjini naiona mbaya kuliko ya spidi mbili ambayo raba yake yapatikana mtaa wa pili. Spidi mbili na kile cha P zatosha kila kitu nilichotaja hapo juu.

Kwa mtu wa Lamu hili ni zito zaidi. Waranti ya mwaka mmoja ni nzuri kwa karatasi, lakini ikiharibika ni boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi ama Mombasa, nauli, mtu wa kuipokea, kusubiri, kurudi. Ukijumlisha waona ni nusu ya bei ya mpya. Kwa hivyo wewe wa Lamu siku unayonunua nunua na raba mbili na kigurudumu kimoja cha akiba, vitie kwenye kopo la chai vikae. Jagi la kioo lisafiri limetolewa, limefungwa kwa leso, si ndani ya lile boksi lake la karatasi. Na walio visiwani wanaotumia sola, angalia inveta yako: mota ikianza kuzunguka yavuta zaidi ya wati zake, kwa hivyo blenda ya wati 400 yataka inveta ya mara mbili yake hivi, ama itakuwa yajizima kila ukibonya.

Dukani usione haya, omba ichomekwe. Weka jagi na maji nusu, si tupu, washa. Sikiliza: mlio wa sawasawa ni mzuri, mkwaruzo wa chuma kwa chuma si mzuri. Shika jagi, lisitikisike kupita kiasi. Mashine isitembee juu ya kaunta. Inua jagi upanguse chini kwa kidole ukiona unyevu wowote hilo ni la kurudisha. Jaribu kuwasha bila jagi, zile zilizotengenezwa kwa akili hazikubali mpaka jagi likae vizuri, na kama una watoto hilo usilisamehe. Harufu kidogo ya rangi ya moto mara ya kwanza ni kawaida, mota mpya hufanya hivyo, moshi si kawaida. Pima pia waya, nyingi ni fupi ajabu. Kisha risiti, na waranti iandikwe tarehe na mhuri hapo hapo, si "wewe njoo tu tunakujua".

Ikifika nyumbani adui wake mkubwa kwetu ni chumvi ya hewa. Malindi, Lamu, kote pwani, kitu cha chuma ukikiacha na unyevu usiku mmoja asubuhi kina kutu, skrubu za chini ndizo za kwanza, kisha ile fimbo ya visu. Ukimaliza kusaga tia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, washa sekunde thelathini, mwaga, suuza, fungua visu, kausha kila kitu mbali mbali kabla ya kurudisha. Sehemu ya mota ni kitambaa chenye unyevu tu, haiingii kwenye beseni abadan. Harufu ya thaumu ikigoma saga maganda ya ndimu na maji. Ukiivisha kile kifuniko cha kitambaa cha kushona hakikisha imekauka kwanza, ama wafungia kutu ndani. Na plagi itoke kwenye soketi kila ukimaliza, stima ikikatika magharibi kisha irudi kwa kishindo isikute mashine yako imening'inia pale.

Isikimbizwe zaidi ya dakika moja mbili bila kupumzika, hata kama wageni wako mlangoni. Ikizima yenyewe katikati usiipige makofi, nyingi zina kidude cha kuizima ikipata moto, iache nusu saa, pengine kuna kitufe chini cha kubonya, itarudi. Supu ya moto usitie jagi zaidi ya nusu, na ule mfuniko mdogo wa juu utoe uweke kitambaa, mvuke ukikosa pa kutokea warusha kifuniko na supu usoni.

Ikianza kutoa cheche nyingi na kupoteza nguvu mara nyingi ni kaboni zimeisha, vile vipande viwili vidogo vinavyogusa mota, fundi abadilisha kwa pesa kidogo. Na akija kufungua kile kigurudumu mkumbushe kuwa kwa nyingi nati yake yafunguka kinyume na nyingine, wengi hukikaza mpaka kikapasuka. Lakini mota ikishaungua waya zenyewe, ile harufu ya nywele zilizochomeka, usikubali kulipia kusukwa upya, kwa mashine ndogo hivi bei yake hailipi. Nunua nyingine ya aina ile ile kama ilikuhudumia vizuri, na jagi la zamani, visu na raba uvibakishe, vitaingia kwa mpya.